Jinsi ya kuisikiliza Skinny Puppy ukiwa Nairobi: mitambo, mpangilio wa albamu na makosa ya kuepuka

Ukipita Kamukunji asubuhi, pale mafundi wa jua kali wanapokunja mabati kuwa masanduku na majiko, mwanzoni unasikia kelele tu. Simama dakika tano kando ya kibanda kimoja na sikio linaanza kupambanua: nyundo nzito ya huyu, nyundo nyepesi ya yule inayomjibu, msasa unaokwaruza katikati, na sauti ya mtu anayemwita mteja. Skinny Puppy husikilizwa hivyo hivyo. Wengi huiacha baada ya wimbo mmoja kwa sababu waliisikia yote kwa mkupuo, tena kupitia spika iliyojazwa besi, tena kwa kuanzia albamu isiyo ya kuanzia. Makosa hayo matatu yanarekebishika.

Kwanza jua unamsikiliza nani. Bendi ilianzia Vancouver, Kanada, mwaka 1982. Waanzilishi ni cEvin Key, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya pop ya Images in Vogue, na mwimbaji Nivek Ogre. Mwaka 1986 akaingia Dwayne Goettel kutoka Edmonton, mtu aliyefunzwa muziki wa kiklasiki, akaja na sampla yake (mashine ya kunasa vipande vya sauti na kuvipiga kama ala) ya Ensoniq Mirage. Studioni, mkono wa nne ulikuwa wa Dave Ogilvie. Jina halisi la Ogre ni Kevin Ogilvie, lakini hawa wawili si ndugu. Albamu za studio ni 12, kuanzia Bites (1985) hadi Weapon (2013), na kabla yake kuna Remission ya 1984, rekodi fupi iliyowatambulisha. Ziara ya kuaga ilifanyika 2023.

Muziki wenyewe huitwa elektro-indastrio: sinthesaiza na mashine za ngoma, vipande vya sauti vilivyokatwa kutoka filamu na taarifa za habari, na sauti ya mtu iliyopitishwa kwenye mitambo mpaka ikakwaruza. Gitaa ni mgeni wa mara chache.

Rekebisha sauti kabla ya kubonyeza chochote

Hapa ndipo wasikilizaji wengi wa Nairobi hupotea. Wufa nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue hupangwa dukani ili zitingishe kifua cha mpita njia: besi juu kabisa, trebo juu, katikati hakuna kitu. Kwa dancehall zinafaa. Kwa Skinny Puppy ni msiba, kwa sababu karibu kila kitu cha maana kiko katikati: sauti ya Ogre, vipande vya filamu, milio ya chuma, kinanda cha Goettel. Besi ikizidi hufunika masafa yaliyo juu yake kidogo. Sikio la binadamu limeumbwa hivyo, na kupandisha sauti yote hakusaidii, kunakuza tu kile kinachofunika.

Kama una wufa ya spika mbili ndogo na kasha moja la besi, fanya hivi. Toa kasha la besi kwenye kona, liweke sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani, maana kona huongeza besi bila wewe kugusa kitufe. Spika ndogo ziinue zifike usawa wa masikio ukiwa umeketi, ziwe mita 1.2 hadi 1.5 baina yao, nawe ukae mbele yake kwa umbali kama huo ili mfanye pembetatu. Rudisha kitufe cha besi hadi robo, trebo nusu. Sasa fungua taarifa ya habari ya redio yoyote. Msomaji akisikika kama anasomea ndani ya pipa, besi bado imezidi. Punguza mpaka asikike kama mtu aliyeketi chumbani. Ukifika hapo, usiguse tena.

Nyumba zetu nyingi za ploti ni mawe na vigae, kwa hiyo mlio hurudi kutoka kila upande na matabaka yanachanganyika. Pazia zito, zulia, hata blanketi lililotundikwa ukuta ulio nyuma yako hufanya kazi kubwa kuliko kununua spika mpya.

Hata hivyo, kwa usikilizaji wa kwanza hedifoni za waya ni bora kuliko wufa. Zile zinazofunika sikio zima ndizo za kutafuta. Chomeka, kisha kagua mambo manne kwenye simu:

Zima kiongeza besi na ile athari ya kupanua sauti. Zote mbili huvuruga mahali ambapo kila mlio umewekwa. Hakikisha simu haijawekwa mono (sauti ileile kwa masikio yote mawili) katika mipangilio ya usaidizi wa kusikia, maana katika Last Rights hasa milio huhama kutoka sikio hadi sikio na ukiwa mono nusu ya kazi inayeyuka. Zima kuchanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, kwa sababu nyimbo nyingine zimeunganishwa na wenyewe na programu itaziharibia mshono. Na kama programu ina kusawazisha ukubwa wa sauti, chagua kusawazisha kwa albamu nzima, si wimbo kwa wimbo. Albamu za miaka ya 1980 zilirekodiwa kwa sauti ya chini kuliko za baada ya 2004; usipojua hilo utadhani za zamani ni dhaifu, kumbe ni kitufe tu.

Spika ndogo za Bluetooth za mviringo ziache kwa siku nyingine. Nyingi zina mdomo mmoja, yaani mono, na Bluetooth yenyewe huibana sauti mara ya pili.

Kuhusu bando: usidanganyike na ubora wa chini eti muziki wenyewe ni kelele. Ni kinyume kabisa. Programu za kubana sauti hufanya kazi kwa kutupa kile ambacho sikio halitakigundua, na kelele hujaza masafa yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo muziki wa namna hii huharibika mapema. Kwenye kilobiti 96 kwa sekunde matoazi na mvumo wa nyuma hugeuka kitu cha majimaji, kama redio iliyotumbukia karaini. Kilobiti 160 hula takriban megabaiti 1.2 kwa dakika, yaani 48 kwa albamu ya dakika 40. Kilobiti 320 ni mara mbili, megabaiti 96. Pakua kwa 320 ukiwa kwenye Wi-Fi, albamu moja moja, kisha usikilize bila intaneti. Anayetaka santuri asitarajie muujiza: vibanda vya santuri vya Kenyatta Market vina rumba, benga, reggae na soul kwa wingi, ila Skinny Puppy itabidi uagize nje.

Ukubwa wa sauti: Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, ukifika 90, saa hizo hushuka hadi 4. Muziki huu una milio mingi mikali ya juu, hivyo sikio huchoka kabla ya wewe kugundua. Albamu moja, kisha pumzika.

Mahali pa kuanzia

Usianze na mwanzo kabisa, na kwa hali yoyote usianze na Last Rights, hata kama kila mtu anakuambia ndiyo kilele. Anza na nyimbo tatu, kwa mpangilio huu.

"Assimilate", kutoka Bites. Mdundo umenyooka, besi ya sinthesaiza inajirudia, kila tabaka lina nafasi yake. Huu ndio wimbo wa kujifunzia kuhesabu matabaka.

"Dig It", kutoka Mind: The Perpetual Intercourse ya 1986. Mzito zaidi, wenye ngoma kama mlango wa chuma unaofungwa. Trent Reznor wa Nine Inch Nails amekiri wazi kwamba wimbo wake wa kwanza ulitokana na huu, na bendi yake iliwahi kufungulia Skinny Puppy mwaka 1988.

"Testure", kutoka VIVIsectVI ya 1988. Una melodia ambayo utaondoka nayo kichwani. Maneno yanayosemwa ndani yake yametolewa kwenye The Plague Dogs, filamu ya katuni kuhusu mbwa wawili waliotoroka maabara.

Kila mmoja usikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza fuata ngoma peke yake, ukigonga meza kwa kidole. Ukipoteza, rudi nyuma. Mara ya pili ziache ngoma ziende, utafute vitu vya katikati: ni milio mingapi tofauti, ipi inarudi, ipi inatokea mara moja na kutoweka? Mara ya tatu ndipo umfuate Ogre. Usisome mashairi kabla ya hapo. Ukisoma mapema, sikio linashikilia maneno na kuacha kila kingine, na isitoshe maneno yake mara nyingi hayajajengwa kama sentensi za Kiingereza cha kawaida; ni vipande vilivyorundikwa, na hata anayeijua lugha hiyo tangu utotoni huhitaji karatasi.

Kama baada ya mara tatu wimbo wowote kati ya hizo bado ni ukuta mtupu kwako, kosa linalowezekana zaidi ni mitambo. Rudi kwenye mtihani wa msomaji wa habari. Kama mitambo iko sawa, ngoja siku mbili. Sikio hujifunza ukiwa umelala.

Albamu tatu za kukaa nazo

Sasa chukua VIVIsectVI nzima. Toleo la CD lina nyimbo za ziada mwishoni; mara za kwanza ishia kwenye zile tisa za santuri, ndizo zilizopangwa kuwa kitu kimoja. Jina lenyewe linasomeka kwa macho: neno la Kiingereza la kupasua wanyama wakiwa hai, ambalo ndani yake wamepenyeza VI tatu, yaani sita, sita, sita. Kwa msomaji wa Ufunuo ujumbe hauhitaji ufafanuzi: mnyama wa kuogopwa ni yule aliyeshika kisu maabarani. Katika ziara ya mwaka huo Ogre alikuwa akiigiza upasuaji wa mbwa wa bandia jukwaani, na huko Cincinnati walikamatwa baada ya mtazamaji kudhani mbwa ni halisi. Hili ni muhimu kulijua ukiishi na wazazi. Mama akiona picha za damu akakuuliza umeingia dini gani, mweleze hivyo: ni watu waliojipaka damu ya uongo kupinga damu ya kweli. Mwonyeshe maneno ya "Testure" akitaka ushahidi.

Sikiliza pia "VX Gas Attack" kwa makini ya pekee. Ni kuhusu silaha za kemikali, na vipande vya habari vimekatwa na kupangwa kama ngoma; sauti ya mtangazaji inakuwa ala. Hapo ndipo utaelewa kazi ya sampla katika bendi hii. Mashine kama Mirage ilikuwa ya biti 8 na kumbukumbu finyu mno, kwa hiyo kila kipande kilikuwa kifupi na chenye ukwaruzo. Ule uchafu wa sauti unaousikia umetokana na mashine yenyewe, nao wakaupenda wakaujenga ndani. Ukijaribu kuuondoa kwa ikwalaiza, kwa kupunguza masafa ya juu, utaondoa na muziki.

Baada ya siku tatu au nne, Too Dark Park ya 1990. Kama mtu angeruhusiwa kubaki na albamu moja tu ya elektro-indastrio, ya bendi yoyote ile, basi ni hii. Haifiki dakika 40, haina wimbo wa kujazia, na ngoma zake zimepangwa kwa ufundi ambao bendi hii haikuurudia hata yenyewe: hubadilika kila baada ya vipimo vichache, hivyo ukidhani umeukamata mdundo, umeshageuka. Mada ni mazingira yaliyotiwa sumu na mwili uliotiwa sumu, vyote kwa pamoja. "Nature's Revenge" na "Shore Lined Poison" hazihitaji tafsiri kwa mtu aliyewahi kuvuka Mto Nairobi kule chini au kupita karibu na jalala la Dandora moshi ukifuka. Mbinu ya mara tatu hapa haitoshi. Sikiliza albamu yote bila kukatiza mara mbili, kisha chukua "Spasmolytic" peke yake na urudie mpaka uweze kuguna mstari wa besi huku ngoma zikienda kinyume chake. Ukiweza hilo, umefuzu.

Kosa la kawaida na albamu hii ni kuichanganya na nyimbo nyingine kwa bahati nasibu. Zilizopangwa mwishoni, "Morpheus Laughing" na "Reclamation", ni kama watu wanaotoka kwenye jengo linalobomoka. Ukizisikia baada ya wimbo wa bendi nyingine hazina mahali pa kutokea.

Ndipo Last Rights, 1992. Tenga usiku. Hedifoni, simu katika hali ya ndegeni, taa hafifu. Ogre alikuwa katika uraibu mzito kipindi kile na albamu haifichi. Kama wewe au mtu wako wa karibu anapigana na dawa za kulevya, isikilize ukiwa na nguvu, au iache mpaka wakati mwingine. Matabaka ni mengi kiasi kwamba mara ya kwanza hupaswi kutafuta lolote. Shika kamba tatu tu: "Killing Game", ambayo ni ya taratibu na ina huzuni iliyo wazi, "Inquisition", yenye mdundo wa kucheza, na "Download" ya mwishoni, ya dakika 11 hivi, ambamo muziki unafumuka hadi inabaki mivumo. Kati ya kamba hizo jiachie uzame. Kuna wimbo ulioondolewa, "Left Handshake", kwa sababu sauti ya Timothy Leary, mwanasaikolojia aliyetetea LSD, iliyokuwa ndani yake haikupata idhini. Ulitoka miaka mingi baadaye. Usiuingize kwenye orodha yako mara za kwanza, maana albamu umeizoea bila huo.

Zilizobaki, kwa kifupi

Cleanse Fold and Manipulate (1987) ni daraja zuri: "Addiction" na "Deep Down Trauma Hounds" zitakuonyesha Goettel akianza kutawala chumba. Remission na Bites nzima zifuate hapo, sasa sikio lako likiwa linajua linachotafuta. Mapungufu yake ya kirekodi yatakuwa yamegeuka haiba.

Rabies (1989) ina Al Jourgensen wa bendi ya Ministry na gitaa nyingi. Gitaa hujaza masafa yale yale ya katikati ambayo Key na Goettel walikuwa wakiyagawana kwa uangalifu, ndiyo maana nyimbo kadhaa zinasikika zimebanana. Lakini "Worlock" inasamehe yote. Ndani yake kuna gitaa la The Beatles kutoka "Helter Skelter" na sauti ya Charles Manson, kiongozi wa kundi la wauaji, na juu ya hayo kuna kiitikio cha kusikitisha kuliko chochote walichoandika.

The Process ilitoka 1996, na lazima uijue historia yake ili usiihukumu vibaya. Ilianza kurekodiwa Malibu, watayarishaji wakabadilishwa, tetemeko la ardhi la Northridge likapiga Januari 1994, Ogre akajitoa Juni 1995, na Agosti mwaka huohuo Goettel akafariki kwa heroini nyumbani kwa wazazi wake. Dave Ogilvie ndiye aliyesaidia kuikamilisha. Inasikika kama nyumba iliyojengwa na mafundi watatu tofauti kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Isikilize mara ya mwisho kati ya zile za zamani, na uisikilize kwa heshima.

Baada ya onyesho la kurudiana Dresden mwaka 2000, Key na Ogre walifanya kazi na Mark Walk. The Greater Wrong of the Right (2004) ina sauti safi na nguvu. Hii ndiyo ya kusikiliza ndani ya matatu, kwa kuwa ngurumo ya injini hufunika milio ya chini na ya taratibu, na ukiweka Last Rights barabara ya Rongai utajikuta ukipandisha sauti mpaka masikio yaume. Kwenye nganya yenye mziki wake, weka hedifoni mfukoni tu. Mythmaker (2007) na hanDover (2011) ni za aliyekwisha kupenda. Weapon ni fupi na kali. Bendi ilipopata habari kwamba muziki wake ulitumika kuwatesa wafungwa Guantánamo, iliidai serikali ya Marekani dola 666,000.

Kutoka hapo njia zinagawanyika kulingana na kilichokushika. Kama ni mdundo, nenda Front Line Assembly, bendi ya Bill Leeb, aliyekuwa Skinny Puppy mwaka 1985 hadi 1986. Kama ni mivumo ya "Download", Key na Goettel walianzisha kundi lenye jina hilohilo. Kama ni sauti ya Ogre, tafuta ohGr, mradi wake mwenyewe. Na kama ni ukali wenyewe, rudi nyumbani: Duma, wawili wa hapa Nairobi, walitoa albamu yao 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na aliyeshinda na Too Dark Park wiki nzima ataiingia bila kubisha hodi.

Zoezi moja limebaki. Weapon ina "Solvent", wimbo wa enzi za Remission waliourekodi upya karibu miaka 30 baadaye. Sawazisha sauti za matoleo yote mawili, yaweke mfuatano, la 1984 kwanza, kisha ufuate ngoma peke yake, mara tatu kila moja.